Uzito na mazoezi kwa kijana wa miaka 12 hadi 18: mwongozo kamili wa nyumbani

Likizo ikifika na wanafunzi wa bweni wakashuka stendi na mabegi yao, maneno ya kwanza baada ya shikamoo huwa ni ya mwili. "Umekonda mwanangu, hawawapi chakula?" Au kinyume chake: "Mbona umefura hivi?" Jirani ataongeza lake, na shangazi aliye mbali atapiga simu ya video ili ahakikishe kwa macho yake. Kijana aliyekuwa hana habari na mwili wake anaanza kusimama mbele ya kioo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mzazi au mlezi, ingawa kijana mwenyewe anaweza kuusoma na kuufuata bila kumsubiri mtu. Msimamo wangu nautoa mapema: katika umri huu, kilo peke yake ni habari ndogo kuliko zote. Mtoto wa miaka 14 anayezidi uzito kidogo na bado anarefuka hana sababu ya kukimbizana na kilo kama mtu wa miaka 40. Mara nyingi inatosha uzito usimame pale ulipo kwa miezi kadhaa huku urefu ukiendelea, na hesabu inajirekebisha. Kinachohitaji kazi ya kweli ni pumzi, misuli, sufuria ya nyumbani na usingizi.

Hatua ya 1: Pima, halafu soma kipimo kwa umri wake

Unahitaji mizani na ukuta. Mizani ipo zahanati, kwenye maduka mengi ya dawa, na kwa wale vijana wanaokaa nayo barabarani. Ile ya barabarani siyo mbaya, ila usipime leo hapa na kesho kule kisha ukalinganisha. Chagua moja uishikilie. Apime asubuhi, bila viatu, akiwa na nguo nyepesi, mifuko haina simu.

Urefu hupimwa akiwa ameegemea ukuta, visigino, makalio na mabega vikigusa, macho yakitazama mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, kikae sawa na ukuta, tia alama ya penseli, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani au ya fundi ujenzi. Nywele zilizosukwa juu hudanganya kwa sentimita kadhaa, zibonyeze.

Sasa hesabu kile ambacho wahudumu wa afya hukiita BMI: chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kijana wa kiume wa miaka 15 mwenye urefu wa mita 1.65 na kilo 65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72, na 65 kugawanya kwa 2.72 ni 23.9.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bango lililobandikwa duka la dawa linasema 18.5 hadi 24.9 ni uzito mzuri, kwa hiyo kijana yule anaambiwa yuko sawa. Bango hilo ni la watu wazima. Kwa vijana hutumika chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, zinazoanzia miaka 5 hadi 19, na mipaka yake hubadilika kwa umri na jinsia. Hii hapa kwa wenye miaka 13, 15 na 17:

Miaka 13: mvulana akiwa chini ya 14.9 amekonda kupita kiasi, akivuka 20.8 ana uzito uliozidi, akivuka 24.8 ni unene uliokithiri. Kwa msichana ni 14.9, 21.8 na 26.2.

Miaka 15: mvulana 16.0, 22.7 na 27.0. Msichana 15.9, 23.5 na 28.2.

Miaka 17: mvulana 16.9, 24.3 na 28.6. Msichana 16.4, 24.5 na 29.3.

Kwa hiyo kijana wetu mwenye 23.9 amevuka mstari wa kwanza, ingawa bango lilimpongeza. Na msichana wa miaka 13 mwenye mita 1.55 na kilo 35 anapata 14.6, yaani amekonda kuliko inavyofaa, hata kama nyumbani wanamsifia kuwa ana umbo la mwanamitindo.

BMI haitofautishi nyama na mafuta. Mchezaji wa raga au mpiga makasia anaweza kuvuka mstari kwa misuli tupu. Ongeza kipimo cha pili: zungusha futi kiunoni, usawa wa kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Mwenye sentimita 160, kiuno kiwe chini ya 80. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakihitaji chati wala mizani, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayoleta shida ya sukari na presha baadaye.

Andika tarehe na vipimo kwenye daftari, ulifunge. Mara moja kila miezi 3 inatosha. Kupima kila asubuhi ni kujitafutia ugonjwa wa roho. Maji tu na choo vinaweza kubadili kilo nzima kwa siku.

Hatua ya 2: Usipigane na balehe

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kati ya miaka 10 na 14. Wavulana huchelewa kama miaka 2 hivi, na kwenye kilele cha kasi hiyo mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 kwa mwaka mmoja. Katika miaka hiyo ya ujana mtu hupata karibu nusu ya uzito atakaokuwa nao ukubwani. Kuongezeka kilo, basi, ndiyo kazi ya umri huu.

Wavulana wengine hujaa kwanza, mashavu na tumbo, ndipo warefuke. Wasichana huongeza mafuta nyonga, mapaja na kifua, na hiyo ni sehemu ya mwili kujiandaa kwa hedhi. Msichana aliyevunja ungo juzi akaona suruali ya mwaka jana haipandi, aelezwe hivyo waziwazi na mama, shangazi au somo wake, kabla hajaelezwa na wenzake kwenye simu.

Hatua ya 3: Pima pumzi

Hiki ndicho kipimo ninachotaka kijana akijali kuliko mizani. Kwanza mapigo ya moyo: asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, aweke vidole 2 pembeni mwa koo au kwenye kifundo cha mkono, ahesabu kwa dakika nzima. Kati ya 60 na 100 ni kawaida. Mwenye mazoezi huwa chini zaidi.

Pili, mbio za dakika 12. Kipimo hiki kilitangazwa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, na kinapendeza kwa kuwa kinahitaji kiwanja na saa tu. Kijana akimbie au atembee kwa dakika 12, mwenzake ahesabu mizunguko. Kiwanja kamili cha mpira kina mzunguko wa karibu mita 346, kwa hiyo mizunguko 3 inazidi kilomita 1 kidogo. Viwanja vya mtaani havina vipimo hivyo, haidhuru; arudi kiwanja kilekile baada ya wiki 8 ajilinganishe na yeye mwenyewe.

Tatu, nguvu: mara ngapi anachuchumaa na kusimama kwa dakika 1, na pushapu ngapi anapiga mgongo ukiwa umenyooka. Sifuri pia ni jibu, iandikwe.

Hatua ya 4: Dakika 60 kwa siku, zipatikane vipi

Shirika la Afya Duniani linawataka wenye miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi makali pamoja na yale ya kujenga misuli na mifupa. Takwimu za dunia za mwaka 2016 zilionyesha kuwa vijana 81 kati ya kila 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawafiki hapo, na wasichana wako nyuma ya wavulana.

Dakika hizo hazihitaji kuwa mfululizo. Anayetembea dakika 20 kwenda shule na 20 kurudi, kwa mwendo wa kutokwa jasho jepesi, ameshapata 40. Kuchota maji kisimani, kulima, kufua kwa mikono, vyote vinahesabika. Tatizo ni kijana wa mjini anayepanda bodaboda mlangoni, akashushwa getini, akakaa darasani, akarudi tuisheni, akamalizia kwenye kochi. Huyo amekaa siku nzima, na anaamini amechoka.

Ukali wa zoezi upime kwa mdomo. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, ni wastani. Akitoa maneno mawili matatu na kukatwa na pumzi, ni kali.

Kwa aliyeanza kutoka sifuri, ratiba hii inabeba:

Wiki ya 1 na 2, dakika 20 kila siku: atembee haraka dakika 2, akimbie taratibu dakika 1, arudie. Wiki ya 3 na 4, dakika 30, na sasa akimbie 2 atembee 1. Wiki ya 5 na 6, dakika 45, na siku moja ya wiki iwe ya mchezo badala ya mbio. Wiki ya 7 na 8 afike 60. Akikosa siku mbili, aendelee alipoishia bila kujilipiza kwa mazoezi mara mbili, maana hapo ndipo magoti huumia.

Siku 3 za wiki zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, aongeze kazi ya nguvu nyumbani. Kuchuchumaa na kusimama mara 10, apumzike, arudie mara 2 zaidi. Pushapu: wiki za kwanza aegemee ukuta, kisha apige akiwa amepiga magoti, kisha za kawaida, mara 5 hadi 10 kwa awamu. Alale kifudifudi ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke, sekunde 20. Amalizie na kamba, dakika 1 kuruka, dakika 1 kupumzika, mara 5. Kamba naipigia debe makusudi: ni rahisi kuipata, inatosha uani, na kuruka ni dawa ya mifupa. Mtu hujenga takribani asilimia 90 ya uimara wa mifupa yake kabla ya kutimiza miaka 20, na huko mbele hakuna duka la kuinunua.

Kabla ya yote apashe viungo dakika 5, kama walivyofundishwa kwenye mchakamchaka. Mchakamchaka wenyewe, pale shule inapoufanya kwa nyimbo na siyo kwa fimbo, ni zoezi bora. Mwalimu akimpata mzazi wa kumuunga mkono atashukuru. Michezo nayo ina nafasi yake kuliko mbio za peke yako: chandimu, netiboli, mpira wa kikapu, rede. Mwenye kipaji atapita UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Wasio na kipaji ndio wanaohitaji kiwanja zaidi, na ndio wanaoachwa benchi.

Kwa Pwani, jua la saa 6 mchana na unyevu wake halina utani. Mazoezi yawe saa 12 asubuhi au kuanzia saa 11 jioni, na maji yanywewe kabla kiu haijafika. Wasichana wanaokimbia barabarani waende wawili au watatu. Sidiria ya michezo inayobana vizuri huwarudisha wengi uwanjani, kuliko hotuba. Asiyependa kuonekana akikimbia, kwa sitara au kwa aibu ya umri, afanye kamba, taarabu au singeli chumbani dakika 30. Moyo hauulizi ni muziki gani. Hedhi siyo sababu ya kusimama, akiumwa sana apunguze tu.

Swali la vyuma huja kila mara. Kunyanyua vyuma hakudumazi kijana, mradi kuna mtu mzima anayejua kazi, uzito ni mdogo wa kumruhusu kurudia mara 10 hadi 15, na hakuna mashindano ya nani anainua mzigo mkubwa mara moja. Kinachoweza kukatisha urefu ni dawa za homoni za kujaza misuli, ambazo hufunga ncha za mifupa mapema. Unga wa protini nao ni hasara ya fedha: mayai, dagaa, maziwa na maharage vinatosha.

Hatua ya 5: Badilisha sufuria, usibadilishe sahani ya mmoja

Kumwekea kijana mmoja kabichi ya kuchemsha huku wengine wanakula pilau ni adhabu, na ataifidia kwa mama ntilie. Kinachopikwa kiwe cha wote. Sahani igawanywe hivi: nusu mboga za majani na matunda, robo ugali, wali au ndizi, robo maharage, samaki, dagaa, nyama au yai. Wengi wetu tunapakua kinyume, mlima wa ugali na mchicha wa kupaka. Dona ichukue nafasi ya sembe pale inapowezekana. Ina makapi na kiini cha mahindi, inashibisha kwa muda mrefu.

Vinywaji ndivyo mahali pa kuanzia, kwa kuwa matokeo yake ni ya haraka. Soda ya mililita 300 huwa na sukari karibu gramu 30, yaani vijiko 7 hivi vya chai. Kiwango kinachopendekezwa cha sukari ya kuongezwa kwa siku kisizidi gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Soda moja imeshavuka hiyo 25, kabla hujahesabu chai ya asubuhi yenye vijiko 4 na juisi ya kuchanganya na maji. Soda ibaki ya sherehe. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya kopo na chupa ndogo ambavyo wanafunzi hunywa wakikesha kusoma, havifai kabisa kwa umri huu kwa sababu ya kafeini yake.

Kiepe yai ni kitamu, na sitamwambia kijana wa Dar es Salaam asikiguse maisha yake yote. Mara moja kwa wiki, kachumbari ijae, na asile kila jioni akitoka tuisheni. Kinachosababisha ale kila jioni mara nyingi ni kwamba hakula asubuhi. Uji wa ulezi wenye karanga, yai la kuchemsha au kiporo cha maharage kabla ya kutoka nyumbani huokoa pesa na tumbo.

Kwa wasichana ongeza jambo moja: damu. Hedhi hupunguza madini ya chuma, na mwenye upungufu wa damu huchoka mapema uwanjani akaitwa mvivu. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na maharage au kisamvu huzuia chuma kufyonzwa. Aisogeze saa 1 au 2 baada ya chakula, na badala yake akamulie ndimu au ale chungwa.

Wa bweni hachagui menyu. Anachoweza kuchagua ni kile kilicho kwenye sanduku lake, shule ikiruhusu: karanga, siagi ya karanga na dagaa wa kukaanga wakavu, badala ya biskuti, glukosi na tambi. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi mepesi yawekwe saa 1 hivi kabla ya futari au baada ya tarawehe, na futari ianze na tende, maji na uji kabla ya sambusa na kachori kupita. Daku isirukwe.

Hatua ya 6: Usingizi

Saa 8 hadi 10 kwa usiku. Anayelala saa 6 usiku akiwa na simu na kuamshwa saa 11 alfajiri amelala saa 5, na njaa ya mchana itamtuma kwenye vitu vitamu. Simu ilale sebuleni, pamoja na ya baba.

Hatua ya 7: Kwa aliyekonda

Kwanza hakikisha hakuna ugonjwa: minyoo, kichocho, malaria ya mara kwa mara, upungufu wa damu. Kisha aongezewe mlo, siyo sukari. Parachichi, karanga za kusaga kwenye mboga, maziwa au mtindi, tui la nazi kwenye maharage, vitafunwa 2 vya maana kati ya milo 3. Mazoezi ya nguvu ya hatua ya 4 aendelee nayo, ndiyo yanayogeuza chakula kuwa nyama.

Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa kificho, vingi ni dawa za mzio au za steroidi. Hujaza uso maji, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kudumaza anayekua. Na vile vichai vya kupunguza tumbo ni ndugu zao wa upande wa pili: vingi ni dawa za kuharisha, na kilo zinazopotea ni maji.

Hatua ya 8: Chunga majina

Bonge, tipwatipwa, kimbaumbau, ng'onda. Tumezoea kuyasema kwa mapenzi, na yanauma hivyohivyo. Kijana anayetaniwa mwili wake hula kwa kujificha au huacha kula, na uwanjani haendi. Sifia anachofanya: "Leo umeongeza mzunguko mmoja." Na mzazi avae raba. Baba anayetoa amri ya kukimbia akiwa kochini hapati mkimbiaji.

Hatua ya 9: Wakati wa kwenda hospitali

Nenda bila kusubiri likizo iishe iwapo anazimia au anashikwa na maumivu ya kifua akikimbia, au kwenu kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kukonda haraka pamoja na kiu kali na kukojoa mara nyingi ni dalili ya kisukari, na hiyo ni ya leo leo. Kikohozi cha wiki 2 na kupungua uzito kipimwe kifua kikuu. Msichana aliyekuwa akipata hedhi ikakoma miezi 3, anayejitapisha baada ya kula, au anayekonda huku akisisitiza ni mnene, anahitaji daktari na mtu wa kumsikiliza.

Tazama pia shingo kwa nyuma na kwapa. Weusi mzito kama mahameli, usiotoka hata ukisuguliwa kwa dodoki, siyo uchafu. Kwa kijana mnene huashiria kuwa mwili unashindwa kutumia insulini vizuri, apimwe sukari. Mwenye selimundu au pumu anaruhusiwa kucheza, kwa mpango aliopewa na daktari wake: maji mengi, mapumziko ya mara kwa mara, asishindanishwe kwenye jua au baridi kali, na mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni.

Aliyevuka mstari wa unene uliokithiri asianze kujinyima kwa kufuata video za mitandaoni. Amwone daktari au afisa lishe, apimwe presha na sukari, na kama kupunguza kilo kutahitajika kufanyike polepole chini ya uangalizi. Bebeni lile daftari la vipimo. Ulizia huduma rafiki kwa vijana, zipo kwenye vituo vingi vya umma Tanzania, na baada ya kueleza historia ya familia, mzazi atoke nje dakika 10 ili kijana aongee na mhudumu peke yake.